Jicho Lisilopiga Hodi

Siwema binti Shomari hakuwa na makuu. Alikuwa mjane wa Mzenga, msuka mikeka, mwenye kishamba cha mihogo na kuku wachache waliomtia hasira kila asubuhi. Ukimkuta njiani na mzigo wake wa ukindu kichwani, usingegeuka kumtazama mara ya pili. Lakini ingia nyumba yoyote yenye binti, uulize nani hukabidhiwa mtoto wa kike anapovunja ungo, utaambiwa Siwema. Yeye ndiye aliyekuwa somo, kungwi wa wali, na kifua chake kilikuwa sanduku. Aliyoambiwa humo ndani hayakutoka, hata kwa marehemu mumewe, ambaye alikufa akilalamika kwamba mkewe anajua habari za mji mzima na yeye hapewi hata moja.

Sasa sikiliza desturi ilivyokuwa, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mwanamke mpole alimpeleka ndugu yake barazani. Kwa Wazaramo wa wakati ule, mwali akiwekwa ndani haonwi. Haonwi na baba, haonwi na kaka, haonwi na mpita njia. Anakaa chumbani miezi na miezi, ngozi inang'aa kwa kukosa jua, na somo wake anaingia na kutoka akimfunda. Siku ya kutolewa ndiyo siku ya macho. Ngoma inalia, mwali anatolewa amepambwa, na ndugu wa mchumba wanamtazama kwa mara ya kwanza. Mwali aliyekwisha kuonwa na mwanamume kabla ya siku hiyo alikuwa kama wali uliodonolewa na kuku: hakuna anayeutupa, lakini hakuna anayempakulia mgeni. Usinikasirikie mimi. Ndivyo walivyokuwa, na nyimbo za kumsimanga mwali wa namna hiyo zilikuwapo tayari, zikingoja jina tu la kutiwa.

Mwaka ule, vita vya Hitla vimekwisha na nguo za kununua bado za shida, Siwema alikuwa na mwali mmoja mkononi: Swaumu, binti wa jirani yake Salehe. Mchumba wake, Mbaraka, alikuwa kijana wa Gwata, watu wazuri, wakulima, lakini watu wa kushika desturi kama kupe. Walikwisha kutoa posa na walikuwa wakingoja siku. Swaumu alikuwa mtoto wa haya na wa kucheka upesi, na Siwema, ambaye Mungu hakumjalia kizazi, alimpenda kuliko wali wote waliopita mikononi mwake.

Na alikuwapo Mfaume. Mfaume alikuwa mtoto wa mjomba wake Siwema, na binamu kwa watu wetu ni mtani. Loo, walivyotaniana wale! Mumewe Siwema alipokufa, Mfaume alijilaza mlangoni kwenye msiba akidai kwamba godoro la marehemu ni lake, na mjane naye aje nalo, mpaka waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka na machozi mashavuni. Siwema naye, siku Mfaume alipooa, alikwenda kuukamata mlango wa chumba akakataa kutoka mpaka apewe shuka. Hakuna aliyeudhika. Utani ndio uliokuwa furaha yake kubwa ya utu uzima, na mtu wa kuutolea alikuwa huyo mmoja.

Mfaume alikwenda vitani Burma akarudi mzima, na alirudi na darubini. Chombo cheusi, kizito, chenye mirija miwili ya kutazamia. Watu wa Mzenga wakakiita makopo ya Burma. Alikuwa hakiweki chini. Alijenga dungu refu shambani kwake, mlimani upande wa pili wa bonde, akasema atakaa juu awaone nguruwe na ngedere kabla hawajaiona mihogo yake. Hilo lilikuwa jambo la akili, wala hakuna aliyelipinga.

Chini ya mlima ule, bondeni, kilikuwapo kisima cha wanawake, kimezungukwa na matete. Huko walifua, wakaloweka ukindu, wakaoga. Mwanamume aliyetaka kupita njia ile alikuwa akisimama kwenye mkorosho wa mwisho na kupaza sauti, "Hodi kisimani!" Akijibiwa "Bado!", hukaa chini akavuta tumbaku yake mpaka aitwe. Tangu Siwema azaliwe hakumjua mwanamume aliyevunja hodi hiyo, hata mlevi.

Mwishoni mwa kukaa ndani, mwali alipelekwa kisimani kuoshwa na somo wake, wawili tu, alfajiri, amefunikwa gubigubi. Siwema alimtoa Swaumu mapema kama ilivyopasa. Kosa likawa miguu. Mtoto amekaa ndani miezi hata kutembea kumekuwa kazi. Kila wakienda kidogo anaomba apumzike, na anacheka, na Siwema anacheka naye. Walipofika kisimani jua lilikuwa limekwisha panda juu ya matete. Siwema alisita. Akasikiliza, kimya, njia haina mtu. Akajiambia kuwa hodi ipo. Akamvua mtoto kaniki, akavua na yake asiilowanishe, akaanza kumwagia maji.

Alipoinua kata mara nyingine, kitu kilimetameta kule juu, kwenye dungu la Mfaume. Kikametameta tena. Siwema alidhani ni bati, au jembe limeegemezwa mahali. Alimfunika Swaumu wakarudi, wala hakulifikiria tena jambo lile.

Aliyemfumbua macho ni Mwamini, shoga yake, aliyekuja siku chache baadaye kuazima kinu na kukaa bila kukichukua. Alizungukazunguka maneno, kisha akasema kwamba kule wanaume wanakokunywa kahawa kuna mzaha. Mfaume amewaambia kwamba binamu yake ana kovu la moto mgongoni, chini ya bega, lenye umbo la jani la muhogo. Wamecheka sana. Wengine wamemwomba nao wapande dungu.

Siwema aliendelea kusuka. Kovu lile alilipata utotoni, na aliyeliona ukubwani mwake ni mumewe, naye yuko kaburini. Kisimani hakuwa akioga. Alikuwa na ua wake nyumbani. Alivua nguo kisimani mara moja tu mwaka ule, na mara hiyo hakuwa peke yake.

Mwamini alipoondoka, mkeka ulimtoka mkononi. Si kwa ajili ya mgongo wake. Mgongo wa mjane ni mgongo tu. Lakini jicho lililofika kwenye kovu lake lilifika na kwa mtoto. Mfaume leo kasema kovu. Kesho, akichekewa vizuri, atasema nini? Neno moja lingetosha kwenda Gwata kabla ya jua kuzama, na Swaumu, ambaye hajakosa lolote ila kuwa na miguu dhaifu, angeimbwa maisha yake yote. Siwema aliogopa, hofu ya kweli.

Angekwenda kwa Mfaume kumsihi? Huko kungekuwa kumwambia kwamba lipo la kufichwa. Angenyamaza? Wanaume wangepanga foleni dunguni. Akaamua kwenda barazani, Kisarawe, kwa Liwali, na kumshitaki binamu yake wazi, kabla hajafika kwenye neno la pili. Angeshitaki kwa mgongo wake mwenyewe. Watu wacheke, wachoke. Wakiwa wanautazama mgongo wa mjane hawatauliza nani alikuwa mbele yake.

Kesi ilivuta watu. Mwanamke mtu mzima kuja kusema mbele ya wanaume kwamba ametazamwa uchi, kilikuwa kituko cha mwaka. Mfaume alikuja amevaa koti lake la jeshi, anatabasamu, darubini imewekwa mezani mbele ya Liwali kwa amri. Siwema alisimama na khanga kichwani, akaeleza: kisima, matete, jua, kule kumetameta, kisha maneno ya kwenye kahawa. Alisema mgongo ulioonwa ni wake na kovu ni lake, na Mwamini akathibitisha kwamba maneno yamesemwa. Hakusema alikwenda na nani, na kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeuliza. Nyuma kule watu walikuwa wakijibana mbavu. Uso ulimwaka, lakini hakuuinamisha.

Karani akafungua kitabu, akasoma kwamba sheria ya serikali inamtia hatiani anayeingilia faragha ya mwanamke kwa nia ya kumvunjia heshima. Hapo Mfaume akapata pa kushika.

"Bwana Liwali, kuingilia ni kwa miguu," alisema. "Mimi nilikuwa shambani kwangu, juu ya dungu langu. Njia ya kisima sikuikanyaga. Na wakubwa walisema, macho hayana pazia."

Wazee wa baraza wakatazamana. Neno lile lilikuwa na uzito wake. Hodi inapigwa na anayekaribia. Huyu hakukaribia, sasa angepiga hodi ya nini? Liwali akamuuliza Siwema kama ana jibu.

"Macho hayana pazia," Siwema alisema, "lakini Mungu kayapa kope. Hilo kopo lake halina kope."

Liwali aliinyanyua darubini, akaigeuzageuza, kisha akaielekeza dirishani, kule chini mteremkoni zilikokuwa nyumba za watu wa serikali, na ya kwake mwenyewe miongoni mwao. Alitazama. Akazungusha kidogo kama alivyoonyeshwa na karani, akatazama tena. Ghafla mabega yake yakakakamaa. Alichokiona uani kwake hakukisema, wala hapana aliyethubutu kuuliza, ila aliiweka darubini mezani taratibu, akamwambia tarishi afunge dirisha.

"Hiki kinaingia," alisema.

Tabasamu la Mfaume lilipungua, lakini mtu aliyerudi Burma haishiwi na hila. Akageuza maneno. Akasema basi, kama ni kosa amekosa, lakini wazee wamtazame huyu aliyemshitaki ni nani. Ni binamu yake, binti wa shangazi yake, mtani wake wa damu. Wametaniana tangu meno ya utoto. Amemtazama kwa utani, na kwenye kahawa amesema kwa utani. Tangu lini mtani akamshitaki mtani?

Baraza zima likashusha pumzi. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuafiki; mmoja akacheka kabisa. Kweli, utani ni utani. Siwema aliona mlango unajifunga. Alikuwa na neno moja la kuubomoa: kwamba hakuonwa yeye tu, kwamba kisimani alikuwapo mwali, mtoto ambaye kwa Mfaume ni kama binti yake, na binti hataniwi. Kwa neno hilo Mfaume angekwisha pale pale. Na Swaumu naye angekwisha. Neno likamfika mdomoni, akalimeza.

Kisha akakumbuka kwamba utani una miguu miwili.

"Mtani huja mbele yako, Bwana Liwali," alisema, bila haraka. "Akikuvunjia chungu hungoja umwone, acheke na wewe ucheke. Huyu alijificha. Lakini mimi sibishani naye, achague mwenyewe. Akisema si utani, sheria mnayo hapo, msomeeni. Akisema ni utani, basi na mimi ni mtani wake, na mtani huchukua anachokitaka kwa mtani wake, wala hadaiwi. Nakitaka hicho kilicho mezani."

Kicheko kilichotoka hapo hakikuwa cha kumcheka yeye. Liwali mwenyewe alijifuta midomo kwa leso. Akamwambia Mfaume achague. Mfaume aliitazama darubini, kitu pekee alichorudi nacho kutoka vitani ukiacha koti na malaria, akamtazama karani na kitabu chake. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba ilikuwa utani.

Siwema akaenda mezani, akaifunga darubini kwenye pembe ya khanga. Liwali akatamka mambo mawili. Kwanza, kuanzia siku ile, anayetazama kwa chombo mahali wanawake wanaposetirika, asimame wapi asimame, atahesabiwa ameingia kwa miguu yake. Pili, utani ukishalipwa umekwisha. Atakayeyataja tena mambo ya kisima, awe Mfaume au mwingine, hatakuwa anatania. Ndilo alilolitaka Siwema, mdomo wa Mfaume umefungwa. Alimtazama binamu yake apate kujua, je, alimwona mtoto au hakumwona? Mfaume aliinamisha macho, na usoni pake hakukuwa na kitu cha kusoma.

Hofu haikumtoka mara moja. Siku Swaumu alipotolewa, watu wa Gwata wamejaa uwanjani, ngoma zimepashwa moto, Siwema alikuwa akisikiliza nyimbo neno kwa neno, akingoja jina litiwe mahali pasipo pake. Halikutiwa. Mtoto alisimama na ngozi yake ya kung'aa, miguu imekwisha pata nguvu, na ndugu za Mbaraka wakamtazama kwa macho waliyoamini ni ya kwanza, wakapiga vigelegele. Mfaume hakuonekana ngomani. Swaumu akaenda Gwata na mumewe, akazaa, na kila msimu wa mchele alimletea somo wake kapu.

Siwema alibaki na sifa ya mgongo. Wanaume walikuwa wakimpisha njiani huku wanakohoa kwa makusudi. Wanawake wa rika lake walimwita Bibi Jani la Muhogo, naye akaitikia. Makopo ya Burma aliyaweka juu ya tenga la vifaranga, yalizuie lisipinduliwe na mwewe, na kazi hiyo yaliifanya vizuri. Alikuwa hayatazamii.

Lakini kuna jambo lilimuuma, na acha niliseme maana yeye hakulisema. Kwa desturi, mtani aliyechukuliwa kitu chake huja kukikomboa. Huja na jogoo, au kibaba cha mchele, na matusi ya kutosha. Siwema aliweka masikio njiani, majibu ameshayatayarisha. Mfaume hakuja. Walipokutana alimwamkia kwa adabu, akauliza habari za mihogo, akapita, kama mtu anayepishana na mkwewe. Adabu ile ilimchoma Siwema kuliko matusi yote aliyokuwa akimtukana. Alimwokoa mtoto, ni kweli, na angefanya vile tena. Ila alimpoteza mtani, na kwa utu uzima wake hakuwa na wa kumbadili. Ikawa hivyo miaka, mpaka vijana wakaanza kutia kadi za TANU kwenye mifuko ya mashati yao.

Mvua za mwaka mmoja ziliuharibu ua wa kuogea wa Siwema. Makuti yalioza, nguzo zikainama, na yeye miguu imekwisha vimba hawezi kwenda kukata mengine. Alikuwa amekaa kibarazani aliposikia sauti, mbali kabisa, kule mwisho wa mihogo ambako hakuna mtu anayepigia hodi.

"Hodi!"

Alikuwa Mfaume, kichwa cheupe, amebeba mzigo wa makuti mabichi yaliyosukwa. Alibaki amesimama kule kule mpaka akakaribishwa. Hakueleza alichojia. Alizichomoa nguzo mbovu, akachimbia mpya, akafunga makuti safu mbili, moja juu ya nyingine. Kazi ilipokaribia kwisha, akamwomba binamu yake aingie ndani ya ua amwambie mwanga unapita wapi, maana yeye kwa nje haoni.

Siwema akajikongoja akaingia. Akawa anamwelekeza: hapo juu, hapo kushoto, chini kidogo. Mfaume huku nje akiziba kwa majani, tundu baada ya tundu, ndani kukazidi kuwa giza. Kisha mkono ukasimama. Sauti yake ikapenya kwenye makuti, ya chini.

"Siku ile hukuwa peke yako, binamu."

Siwema aliishika nguzo. Miaka yote aliyokuwa akijiuliza ikamjia kwa pamoja. Kumbe alimwona. Alimwona, na alipochekwa, na aliponyang'anywa chombo chake, na alipokaa na wanywa kahawa msimu baada ya msimu, hakusema. Akamfikiria Swaumu, mama wa watoto watatu, na binti yake mkubwa anayekaribia kuwekwa ndani.

"Siku ile nilikuwa peke yangu, Mfaume," alisema.

Jogoo aliwika, na tenga likakwaruza chini ya uzito wake.

"Naam," alijibu Mfaume. "Ulikuwa peke yako. Macho yangu ndiyo mabovu."

Akaendelea kuziba. Mwishowe akauliza kama limebaki. Siwema akamwambia limebaki moja. Mfaume akazunguka ua mara mbili, anapapasa, anasema halioni, liko wapi?

"Hapo linapokutazamia jicho langu, zuzu wewe. Na ulivyozeeka, hata kwa makopo ya Burma hutazamiki. Kayachukue tengani, umeshayakomboa."

Mfaume alicheka mpaka akakaa chini, jani mkononi. Alipopata pumzi akamtukana tusi moja refu la zamani, ambalo Siwema alikuwa akilingoja. Kisha akainuka, akaliziba tundu.